Mwaka mzima niliisema vibaya lenzi isiyo na kosa: niliyojifunza kulinganisha 50mm za kampuni tofauti

Mi napiga picha kwa filamu miaka kadhaa sasa na swali lililonisumbua kuliko yote ni hili la lenzi ya kampuni gani ndo kali zaidi. Kila mtu ana jibu lake, huyu Nikon, yule Zeiss, mwingine anakuambia zote ni sawa, na mi nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikaona. Tatizo ni kwamba mara ya kwanza niliona vibaya, nikawa na uhakika kabisa, nikawaambia watu, na mpaka leo kuna sehemu bado inaniuma.

Nilikuwa na kamera tatu za 35mm, zile ambazo ukibonyeza kioo cha ndani kinaruka juu unasikia klaki. Moja Nikon yenye Nikkor 50mm f/1.8 (hiyo f ni upana wa tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ya pili Olympus OM-1 na Zuiko yake 50mm f/1.8, ya tatu Pentax Spotmatic ambayo lenzi unaifunga kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa, hiyo ina Super-Takumar 55mm f/1.8. Nikachukua mikanda mitatu ya filamu ya rangi ya aina moja, nikatoka siku moja nikapiga vitu vilevile kwa kamera zote tatu, ukuta wa matofali, mti, mtu kakaa dirishani, alafu nikapeleka mikanda ikasafishwe na kuskaniwa, nikasubiri.

Picha ziliporudi mbili zilikuwa safi na moja ilikuwa kama imepigwa kupitia pazia. Nyeusi sio nyeusi ni kijivu, rangi zimepauka, na pale dirishani mwanga umemwagika usoni kwa mtu mpaka nywele na ukuta vimeungana. Lenzi ipi kati ya hizo tatu sitasema, na mbele utaelewa kwanini. Niliangalia nikasema basi, kumbe hawa jamaa sifa zao ni za bure, kampuni yao haijui kutengeneza lenzi. Na nikaanza kuhubiri. Mtu akiniuliza anunue nini namwambia chochote isipokuwa ile. Binamu yangu alikuwa nayo hiyohiyo, alikuwa anaipenda kweli, nikamwonyesha picha zangu tatu zimepangwa sambamba kwenye skrini na siku chache baadaye akaigawa.

Mwaka ukapita hivyo.

Alafu sponji za ile kamera zikaoza. Wanaotumia kamera za zamani wanajua, ile sponji nyeusi inayozuia mwanga pembeni ya mlango wa nyuma ikizeeka inageuka kama lami, inanata kwenye vidole. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee. Kabla hata hajafungua mlango wa nyuma akaitoa lenzi, akaifungua tundu lake mpaka mwisho, akachukua tochi ndogo akaimulika kwa nyuma kwa pembeni kidogo, akakaa kimya.

"Mwanangu, hii lenzi unaitumia hivihivi?"

"Ndiyo mzee, ila siipendi, picha zake mbovu."

"Hebu njoo usimame huku nilipo mimi."

Nikasimama pale. Yani siku zote nilikuwa naiangalia ile lenzi kwa mbele, mchana, nikiielekeza dirishani, naona kioo safi. Ila tochi ikipita kwa pembeni kutoka nyuma unaona kitu kingine kabisa, katikati ya lenzi, kwenye vioo vilivyo karibu na zile bleidi za kufungua na kufunga mwanga, kulikuwa na tabaka la ukungu kama umekipumulia kioo asubuhi ya baridi na pumzi haijakauka. Na ukingoni, nyuzi nyeupe nyembamba sana zimetawanyika kama miguu ya buibui. Fangasi.

Akaniuliza nilikuwa naiweka wapi. Nikamwambia kwenye mkoba wake wa ngozi, ndani ya kabati. Akasema ngozi inashika unyevu, kabati halina hewa wala mwanga, hapo umewafugia fangasi nyumba nzuri. Akaifungua mbele yangu taratibu, skrubu moja moja akizipanga kwenye kitambaa, akafuta ule ukungu ukatoka wote. Fangasi nao walitoka ila pale walipokuwa wamekaa muda mrefu kuna alama ndogo imebaki kwenye rangi ya kioo, maana wakikaa sana wanaila ile koting, yani tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na haiwezi kurudi.

Nikaenda kupiga tena dirisha lilelile. Nyeusi ikawa nyeusi. Nywele zikaachana na ukuta. Lenzi ileile niliyoitangaza mbovu mwaka mzima ikatoa picha ambayo ukiiweka pamoja na zile mbili nzuri za mwanzo hauoni kwanini niliidharau. Kosa halikuwa la kampuni, lilikuwa la kabati langu. Ndo maana jina silitaji, nimeshalichafua vya kutosha.

Sasa hapo nikasema nirudie upya, safari hii vizuri. Na nilipokaa chini kufikiria nilifanyaje mara ya kwanza nikaona ukungu ulikuwa kosa moja tu kati ya mengi.

Nilishika kamera mkononi, kwa hiyo kila fremu ina mtikisiko wake. Kati ya kamera ya kwanza na ya tatu wingu lilikuwa limeshapita. Sikuvalisha lenzi hata moja kofia ya kuzuia jua. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa nalinganisha skani. Mashine ya kuskani inaangalia kila fremu na kuirekebisha yenyewe, inaongeza mwanga hapa, inavuta rangi pale, inanoa kingo, na fremu inayofuata inaamua mengine. Unaweza ukakaa unasema lenzi hii ina rangi ya joto na ile ina rangi ya baridi kumbe unalinganisha maamuzi mawili ya mashine moja. Rangi ya lenzi nilikuja kuiona kwa slaidi, ile filamu inayotoa picha yenye rangi zake halisi badala ya negativu, maana slaidi unaiweka juu ya taa unaona kilichoingia kwenye filamu moja kwa moja, hamna wa kurekebisha katikati. Na tofauti ya rangi niliyoikuta kati ya lenzi nzima nzima ni ndogo sana, inabidi uziweke sambamba ndo uone. Isipokuwa ukikutana na zile zenye kioo kilichotiwa thoriamu, madini yenye mionzi, kama Super-Takumar 50mm f/1.4 za toleo la baadaye, hizo kioo chake kinageuka njano kadri miaka inavyoenda, picha zinaingia na unjano kweli, na watu wanaziweka juani dirishani kwa wiki kadhaa unjano unapungua. Kwa hiyo hata hapo unachokiona ni umri.

Jaribio la pili nilitumia zaidi Spotmatic, kwasababu ule uzi wake wa kuzungushia lenzi, unaoitwa M42, ulitumiwa na kampuni nyingi, kwa hiyo unaweza kufunga lenzi za watengenezaji tofauti kwenye mwili mmoja wa kamera, mkanda mmoja, bila kubadilisha kitu kingine. Hili nalihimiza sana kwa yeyote anayetaka kulinganisha. Ukitumia miili mitatu unalinganisha pia miili. Umbali kutoka pale lenzi inapokaa kwenye mwili mpaka kwenye filamu kwa Nikon ni mm 46.5, kwa Olympus OM ni mm 46, kwa M42 ni mm 45.46, na kamera iliyoangushwa au kufunguliwa vibaya inaweza kupoteza kidogo hapo. Kidogo kiasi gani? Kwa f/2 kosa la mm 0.1 tu linaifanya nukta kuwa duara la mm 0.05 kwenye filamu, na hilo jicho linaliona ukikuza picha. Ukifunga mpaka f/8 kosa lilelile linakuwa duara la mm 0.0125 na hauoni chochote. Utamlaumu mtengeneza lenzi wakati tatizo liko kwenye mwili wa kamera.

Nikakusanya Super-Takumar yangu, nikaazima SMC Takumar 55mm f/1.8, nikaazima Helios 44-2 ya Kirusi ambayo ni 58mm f/2, na Tessar 50mm f/2.8 ya Carl Zeiss Jena. Nikkor na Zuiko nikazipiga kwenye miili yao ila kwa filamu ileile nyeusi na nyeupe niliyoweka kwenye Spotmatic, na mikanda yote mitatu nikaisafisha mwenyewe kwenye tangi moja, dawa moja, dakika zilezile. Lenzi zote nilizimulika kwa tochi kwanza, kwa kweli siku hizi hata mtu akinionyesha lenzi mkono unaenda kwenye tochi wenyewe. Tripodi, waya wa kubonyezea ili nisiguse kamera, kofia kwa kila lenzi, na daftari. Daftari ni muhimu jamani, filamu haikumbuki ulitumia f ngapi.

Mtego mmoja karibu uniponyoke. Fremu za kwanza za Helios zilionekana zina undani zaidi kuliko za Tessar na nilianza kufurahi, mpaka nikakumbuka moja ni 58mm na nyingine ni 50mm. Ukisimama palepale, ile ya 58 inakuza kitu kwa asilimia 16 zaidi, kwa hiyo maandishi yaleyale yanakuwa makubwa kwenye filamu na chengachenga za filamu, zile punje zinazoonekana ukikuza picha, zinayala kidogo. Ikabidi nirudie, kila lenzi tripodi inasogezwa mpaka kabati la vitabu lijae fremu sawasawa.

Kwa f/8 nilichapisha picha nne kwenye chumba cha giza, moja kwa kila lenzi ya M42, ukubwa mmoja, karatasi moja. (Enlaja, ile mashine ya kukuza negativu kwenye karatasi, nayo ina lenzi yake, kama hiyo ni chafu au hujaweka fokasi kwenye chenga zenyewe basi kazi yote imepotea, watu wengi wanasahau hili.) Binamu akaandika namba nyuma, akazichanganya, akaniambia haya sema ipi ni ipi. Nilikaa nazo jioni nzima na kioo cha kukuzia. Nilipata moja kati ya nne. Na hiyo moja sikuwa na uhakika.

Ukifikiria sio ajabu. Lenzi nyingi za 50mm za zamani, ukiacha Tessar ambayo ni familia nyingine, ni ndugu. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa Zeiss alitengeneza Planar, vioo vimepangwa pande mbili vikitazamana na tundu likiwa katikati, na kampuni nyingi zilizokuja baadaye zilichukua mpango huo zikaurekebisha kila mmoja kwa namna yake, Helios 44 yenyewe imetokana na Biotar 58mm f/2 ya Zeiss. Tessar ni ya 1902, vioo vinne tu. Ukizifunga zote mpaka f/8 makosa yao mengi yanakatwa na kinachobaki kukuwekea mpaka ni filamu yenyewe na mkono wako. Ukiendelea kufunga mpaka f/16 au f/22 zote zinaanza kulainika pamoja maana mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo unasambaa.

Zikiwa wazi hapo ndo tabia zinatoka, na hapa nilifurahi sana. Nikkor na Zuiko katikati ni kali, pembeni zinalegea kidogo. Tessar kwa f/2.8 pembeni zinachoka kuliko nilivyotegemea, ila katikati ina ukali mzuri na kontrasti safi, yani nyeusi na nyeupe zinaachana vizuri. Helios katikati ni nzuri kabisa, pembeni hapana, lakini weka mtu mbele ya mti wenye majani yanayopitisha jua uone, vile viduara vya mwanga vinabanwa kadri vinavyokwenda pembeni vinakuwa kama macho ya paka na vyote vinazunguka katikati kama maji yanayokorogwa. Kuna mtu ataita kasoro na kuna mtu atanunua lenzi kwa ajili ya hicho tu. Mi naipenda kwa uso wa mtu mmoja, kwa kundi la watu siitaki.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni zile Takumar mbili, yangu na ya kuazima. Kampuni moja, milimita zilezile, f ileile. Tofauti kubwa ni koting. Super-Takumar ni ya zamani zaidi, SMC ni ule mfumo wa tabaka nyingi ambao Pentax waliuanza 1971. Nikaweka jua kwenye kona ya fremu, nikapiga zote mbili. Ya zamani ikapata pazia jepesi na vipande vya mwanga vimejipanga kwa mshazari kwenye picha. Ya SMC ikasimama, vivuli vyake bado vina undani. Yani tofauti kati ya lenzi mbili za chapa moja ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya Nikkor na Zuiko.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye na ikaniungamanishia kila kitu. Kila sehemu ambapo mwanga unatoka hewani kuingia kwenye kioo, au kutoka kwenye kioo kuingia hewani, kama asilimia 4 inarudi nyuma kama kioo hakijapakwa kitu. Lenzi ya vioo sita inaweza kuwa na sehemu kama hizo 10, piga hesabu, karibu theluthi ya mwanga haifiki kwa njia yake. Na haupotei tu kimya kimya, mwingine unadunda dunda humo ndani alafu unatua kwenye filamu mahali usipotakiwa, ndo hilo pazia. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss aligundua namna ya kupaka tabaka jembamba linalopunguza huo mdundo, na waliofuata wakaongeza tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo ule ukungu wa kwenye lenzi yangu ulikuwa unarudisha tatizo ambalo watu walishalitatua miaka mingi kabla sijazaliwa. Siku hizi nikisoma mtu anasema kampuni fulani ina kontrasti ndogo, swali langu la kwanza ni lenzi ya mwaka gani, na la pili ni ameimulika?

Kuna jambo lingine la fokasi. Nilimpiga bibi yangu kwa umbali wa kama mita 1, f/2, nikaangalia negativu kwenye meza ya taa nikasikitika, jicho laini. Nikaanza tena kuiwazia lenzi vibaya. Nikasogeza kioo cha kukuzia kidogo tu, nikakuta kope. Kila kope imesimama peke yake, unaweza kuzihesabu, na unywele mmoja wa mvi umepita juu ya nyusi umechongeka kama uzi wa fedha. Lenzi ilikuwa kali kupita kiasi, ila mi nilikuwa nimeweka fokasi mbele kidogo ya jicho. Kwa umbali huo na f/2 una kama sentimita 5 tu za kuchezea, bibi akivuta pumzi anaweza kutoka kwenye fokasi. Kuanzia hapo nikiwa napiga lenzi kwa majaribio napiga fremu tatu, kila moja nazungusha fokasi upya kutoka mwanzo, alafu nachukua iliyo bora ndo nailinganisha na bora ya lenzi nyingine.

Basi nilipomaliza yote hayo nilimwita binamu. Nikaweka negativu juu ya taa, zile za mwaka uliopita na hizi mpya, nikampa kioo cha kukuzia na sikumwambia kitu. Akaangalia muda mrefu.

"Sasa hii nzuri umepiga kwa ipi?"

"Kwa ile niliyokuambia ugawe."

Hakuniambia neno, akaendelea kuangalia. Nikamwambia ya kwake sasa hivi inawezekana iko kwa mtu na inapiga vizuri tu, na kwamba nilimwonyesha ukungu nikamwambia ni lenzi. Nikaitoa yangu kwenye kamera, ile yenye alama ya fangasi ukingoni, nikamkabidhi na kofia yake, mkoba wa ngozi sikumpa.

Juzi kaniletea mkanda wake wa kwanza tuusafishe pamoja. Fremu ya 4 kampiga bibi pale dirishani, jua lote liko nyuma yake, na fokasi iko kwenye jicho.